"Mbegu yako imenigeukia": kutafuta kosa kwenye maharage ya mbegu ya nyumbani

"Mwanangu, mbegu yako imenigeukia."

Mama mdogo hakusubiri hata nimalize shikamoo. Yeye yuko Soni, milimani Lushoto, mimi niko Ngamiani, Tanga mjini, dukani, bisibisi mkononi na redio ya mtu imefunguliwa tumbo mezani. Kabla ya masika nilimpa sado moja ya maharage mekundu ya mviringo, yamechambuliwa punje kwa punje. Sasa anapepeta mavuno na kwenye ungo anaona ya njano, ya zambarau yenye michirizi, na meupe mawili matatu yanamkodolea macho. "Nimepanda mekundu, nimevuna kachumbari," akasema.

Mimi ni fundi redio. Maharage ni shamba la familia tu, ila kwa vile natunza mbegu na kuwagawia watu, malalamiko yote yananirudia mimi. Na ufundi umenizoeza jambo moja: redio isipoongea, huanzi kwa kubadilisha spika. Unaanza kwenye waya wa ukutani. Kwenye maharage pia, mara nyingi ninapoambiwa mbegu imeharibika au imechoka, kosa nalikuta kwenye gunia, kwenye turubai, kwenye bati la kuanikia au kwenye dumu. Mbegu yenyewe ni ya mwisho kushukiwa.

Maharage yanavyozaa

Maharage haya ya kawaida yanajichavusha yenyewe. Ua moja lina dume na jike humo humo, na chavua humwagika karibu na saa ua linapofunguka, mara nyingi kabla halijafunguka kabisa. Nyuki akifika, ndoa imeshafungwa na pilau limeshaliwa. Ndiyo sababu mbegu inarudia ile ile mwaka hadi mwaka bila wewe kufunika maua wala kufukuza mdudu. Msalaba, yaani chavua ya aina moja kuingia kwenye ua la aina nyingine, unatokea, lakini kwa kawaida ni asilimia chache tu, na unaongezeka pale penye nyuki wengi, hasa wale weusi wakubwa wanaotoboa boriti za nyumba.

Watu wamechanganywa na mahindi. Mahindi chotara ukirudishia mbegu yake, msimu unaofuata shamba lina kila urefu na kila ukubwa wa gunzi, basi mtu anadhani maharage ya dukani nayo ni hivyo. Hapana. Maharage yanayouzwa kwa mbegu madukani kwetu si chotara. Lyamungu 90, Jesca, Selian 97 na wenzao huzaa kama walivyo. Ukinunua kilo moja iliyothibitishwa ukaitunza vizuri, unaipanda misimu na misimu. Kinachoweza kushuka ni usafi wake na afya yake, na vyote viwili viko mikononi mwako.

Angalizo dogo: mbaazi ni habari nyingine kabisa. Nyuki anaipenda na inachanganyika kweli kweli. Fiwi iko katikati. Ninayoyasema hapa kuhusu rangi usiyapeleke kwenye mbaazi.

Dalili: mavuno yametoka rangi mchanganyiko

Swali langu la kwanza huwa moja: umeziona hizo rangi mbili ndani ya ganda moja, au umezikuta kwenye ungo baada ya kupura? Karibu kila mtu anajibu kwenye ungo. Basi hapo bado hujui kitu. Rudi kwenye mashina ambayo hujayapura, fungua maganda kumi, kumi na tano, kutoka mashina tofauti.

Ngozi ya nje ya punje, ile yenye rangi, si mali ya mtoto. Ni mwili wa mama. Ni kama mtoto mchanga aliyefunikwa kanga ya mama yake: unaona kanga, mtoto humwoni. Kwa hiyo punje zote za shina moja zinavaa kanga moja, hata kama baba wa mmojawapo ni wa shamba la jirani. Ukikuta ganda hili lote jekundu na lile la shina la pili lote la njano, ujue hapo una mashina mawili ya asili mbili. Yaliingiaje, ndiyo kazi yenyewe.

Na kama kweli ndani ya ganda moja kuna punje mbili zisizofanana? Mara nyingi ni ukomavu, moja imekauka vizuri na nyingine imewahiwa ikiwa mbichi. Kwenye aina zenye madoa mawili ya rangi, punje moja moja hugeuza, pale palipokuwa pekundu pakawa peupe na peupe pakawa pekundu. Hiyo ni tabia ya aina hizo. Ukiipanda inarudi kama kawaida, usiitupe.

Sasa mgeni. Jumamosi nilipanda basi Kange, Muheza, Korogwe, tukashuka Mombo kunywa chai, kisha zile kona za kupandia mlimani. Mama mdogo alishaandaa ushahidi: sahani tatu, kila rangi na sahani yake. Nilimwomba gunia alilobebea mbegu kwenda shambani. Akaleta, akalikung'uta mbele yangu kuonyesha kwamba ni tupu. Nikaligeuza ndani nje. Kwenye pembe, pale mshono unapokunjwa mara mbili, nyuzi zimeachia na kumetokea kimfuko kidogo. Nikaingiza kidole: njano tatu, zambarau nne. Punje saba zilikuwa bado zimo. Gunia lilikuwa la maharage ya kula kutoka gulioni. Hizo saba ndizo zilizobaki. Nyingine kama hizo zilishaanguka shambani pamoja na mbegu. Punje saba zikiota na kila shina likazaa punje arobaini, hiyo ni karibu mia tatu kwenye ungo wako. Mama mdogo akacheka, akasema, "Kumbe mchawi nimembeba mwenyewe."

Na meupe? Meupe hayakuwa ya gunia. Nilimuuliza kile kipande vuli kilikuwa na nini. Maharage meupe. Yale yaliyopasuka na kudondoka wakati wa kung'oa yalikaa ardhini, mvua ikaja, yakaota pamoja na mekundu. Haya ndiyo maotea, na dawa yake ni kutopanda maharage ya mbegu pale palipokuwa na maharage mengine msimu uliopita. Panda palipokuwa na mahindi au viazi. Hilo linasaidia na magonjwa pia, nitafika huko.

Msalaba wa kweli unautambua kwa muda wake. Msimu huu nyuki anachanganya: punje inatoka na rangi ile ile ya mama, huoni kitu. Msimu wa pili unaipanda, shina lake linazaa punje zote zenye rangi moja ambayo labda hujawahi kuiona, mara nyingine ya madoadoa. Msimu wa tatu ukizipanda hizo, kila shina linatoka na lake. Kwa hiyo ukipewa mbegu leo na ukavuna mchanganyiko msimu huo huo, usimsingizie nyuki wa shamba lako, hakuwa na muda. Na rangi za wageni ukiziona sokoni kila siku, wageni wametoka sokoni. Rangi mpya isiyo na jina kijijini ndiyo inayonifanya niwaze msalaba.

Kuna pia rangi inayobadilika bila mgeni yeyote. Maharage ya njano yakikaa juani au kwenye joto hugeuka kahawia, mekundu huwa ya damu ya mzee. Huo ni uzee wa ngozi. Ukiyapanda na yakiota, watoto wanazaliwa na rangi mbichi.

Ukishapata wageni, huchambui kwenye ungo tu na kuishia hapo, kwa sababu wageni wengine wanafanana sura. Pita shambani mara tatu. Mara ya kwanza miche ikiwa na wiki mbili, tazama shingo ya mche chini ya majani: kama yote ni ya kijani na mmoja una shingo ya zambarau, ng'oa. Mara ya pili wakati wa maua, na hii ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa sababu shamba la mbegu moja lina ua la rangi moja. Ua jeupe katikati ya ya waridi hata mtoto wa darasa la pili analiona. Mara ya tatu maganda yakianza kugeuka. Mimi nikipita wakati wa maua nakwenda na vipande vya kanga kuukuu mfukoni, nafunga kimoja kwenye kila shina zuri: lenye maganda mengi, majani safi, halijaegemea. Nachagua hamsini hivi. Hayo ndiyo mbegu, mengine ni mboga. Watu wengi wanakula kwanza, kisha yanayobaki gunia likiwa robo ndiyo yanaitwa mbegu. Hapo mbegu imechaguliwa na njaa.

Siku ya kupura, mbegu zinatangulia turubai likiwa safi, chakula kinafuata. Kama una aina mbili, zitenganishe shambani kwa mita tatu hadi tano au mistari michache ya mahindi. Nyuki si sababu kubwa. Wanaokuchanganyia zaidi ni watoto uliowatuma kung'oa, maana hawajui mpaka uko wapi.

Dalili: mbegu haioti, au inaota nusu

Usiulize shamba jibu la swali ambalo ungeweza kuuliza mchanga kwenye beseni. Hesabu punje hamsini bila kuchagua nzuri, zifukie kwenye mchanga wenye unyevu, weka kivulini. Tanga mjini siku ya tano unaona, Lushoto kwenye baridi subiri hata nane. Zikiota arobaini na zaidi, panda kwa amani. Zikiota thelathini, ongeza punje kwenye kila shimo. Chini ya ishirini na tano, pika.

Sababu kubwa huku pwani ni unyevu. Mbegu ya Soni ikikaa Soni inapumua hewa ya baridi. Ukiishusha Tanga ukaiweka kwenye mfuko wa salfeti chini ya kitanda, inakunywa hewa ya bahari usiku kucha. Kanuni ya wataalamu wa mbegu inasema kila nyuzi 5 za joto unazopunguza, au kila asilimia moja ya unyevu unayoitoa kwenye mbegu, maisha yake yanakuwa karibu mara mbili. Kwa hiyo kama una ndugu mlimani na unaishi mjini, mbegu ya akiba ikae kwake.

Kupima ukavu kuna jino na kuna chumvi. Jino: punje ikikubali alama ya jino bado, ikikatika kwa mlio inakaribia. Chumvi: kaanga chumvi kavu kwenye sufuria, iache ipoe ndani ya chupa iliyofungwa. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka vijiko vitatu vya chumvi hiyo, jaza maharage hadi theluthi, funga, tikisa dakika moja, acha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda bado usishangilie, kwa sababu mbegu ya kuweka inataka 12 au 13. Ongeza siku moja au mbili za kuanika.

Anika wapi? Mkekani au kwenye turubai, asubuhi na alasiri, unageuza kwa mkono. Siyo kwenye bati saa saba mchana. Weka kiganja kwenye bati la Tanga mwezi wa pili uone kama kitakaa. Kiini cha mbegu nacho kiko hai. Kipindi cha mawingu, kaanga mchele mpaka ubadilike rangi kidogo, upoze ndani ya kopo lililofungwa, kisha uweke mbegu kwenye kitambaa juu ya mchele huo, mchele uwe mara mbili ya mbegu kwa uzito. Wiki moja, mbili, unavuta unyevu. Mchele huo unaukaanga tena mara nyingine, ila ubandike karatasi usije ukapikwa.

Sababu nyingine ndogo ndogo: umezifukia sana (sentimita tatu hadi tano zinatosha), au udongo umefanya ukoko baada ya mvua. Haragwe linapoota linanyanyua mbegu yake yote juu kama mtu aliyebeba ndoo kichwani, likikuta ukoko shingo inavunjika. Fukua uone. Kama shingo imekunjika chini ya ardhi, mbegu haina kesi.

Dalili: imeota, lakini mche hauna kichwa

Hii inanifurahisha kwa sababu wachache wanaijua. Mche unatoka, una yale mabuyu mawili ya mbegu, katikati ambapo majani yangetokea pana kijikucha kikavu. Vipara. Watu husema ndege kala, au jongoo. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kama mbegu yenyewe ina nyufa za nywele kwenye ngozi, kosa ni fimbo. Maharage yaliyokauka kupita kiasi ukiyapiga kwa mti mzito juu ya sakafu ya saruji, ngozi inapasuka na kile kikonyo cha ndani kinavunjika. Kwa nje punje inaonekana nzima. Loweka ishirini kwa dakika chache: zenye ufa zinakunjamana upesi upande mmoja, kabla ya wenzake.

Mbegu naipura kwa mkono, au ndani ya gunia lililojaa nusu ukilikanyagakanyaga pekupeku. Kwa debe moja ni jioni mbili za maongezi.

Dalili: vitundu, na unga chini ya dumu

Tundu la duara safi kama limepigwa na kekee ndogo ni la fukusi wa maharage aliyekwisha kutoka. Huyo umechelewa. Wa kumwahi ni yule ambaye bado yumo. Kabla hajatoka, funza anakula mpaka chini ya ngozi na kuacha kidirisha, duara lenye kivuli unaloliona ukiigeuza punje kwenye mwanga wa dirishani. Punje zenye vidirisha usimpe mtu, utakuwa umempelekea mifugo.

Wako wa aina mbili na asili zao zinakuambia kosa lilianzia wapi. Mmoja, wa maeneo ya baridi kama Lushoto, hutaga shambani, maganda yakiwa yanakauka, na mayai yake hayagandi kwenye punje. Huyu anaingia nyumbani ndani ya mavuno, kwa hiyo kuchelewa kung'oa ndiko kunakomkaribisha. Wa pili anapenda joto, ndiye mwenyeji wetu huku chini: anagandisha yai juu ya punje, kidoti cheupe kama chokaa ambacho ukucha unakwangua kwa shida. Ukiona vidoti, alikukuta ghalani. Kwenye joto kizazi kinazunguka kwa takriban mwezi mmoja, ndiyo maana dumu lililokuwa salama Idi ya kwanza Idi ya pili ni unga.

Tiba ni kumnyima hewa. Mbegu ikishakauka, jaza chupa ya maji ya lita moja na nusu mpaka shingoni, gongesha chini ishuke, ongeza tena, funga kizibo kwa nguvu. Wadudu waliomo wanamaliza hewa iliyobaki na kufa. Chupa nusu haifai, kwani umewaachia hewa ya kutosha. Kwa magunia kuna mifuko ya tabaka mbili tatu, ile inayoitwa kinga njaa, kazi ni hiyo hiyo. Friza pia inaua, mayai pamoja na funza, ukiziacha siku kadhaa, lakini mbegu iwe kavu kwanza, na ukiitoa usiifungue chupa mpaka ifikie joto la chumba, la sivyo itatoka jasho.

Bibi alitumia majivu, na majivu ni dawa mradi yawe mengi: yamechungwa, yajaze nafasi zote kati ya punje. Kunyunyiza kama chumvi kwenye mchuzi ni kujifariji. Njia nyingine ya bure ni kulivingirisha dumu asubuhi na jioni. Funza aliyetoka kwenye yai anahitaji kuegemea punje ya jirani muda mrefu ili aitoboe, ukimvuruga kila mara anachoka na kufa. Inafanya kazi, ila inataka mtu asiyesahau, na mimi simo.

Dalili: majani yana mabaka, maganda yana vidonda

Hapa ndipo ninapokuwa mkali, kwa sababu ndipo mbegu unayogawa inaweza kweli kuwa na hatia.

Majani yenye kijani kilichokolea na kijani hafifu kama ramani, yamejikunja kwa chini, shina limedumaa, jirani zake wazima: hiyo ni batobato, virusi. Inakaa ndani ya mbegu na huioni kwa macho, kisha vidukari wanaisambaza shambani. Haina dawa. Ng'oa shina mapema, kabla ya maua, na usichukue mbegu kwenye mashina yaliyolizunguka. Usiichanganye na njaa ya udongo, ambayo hupaka mstari mzima umanjano wa aina moja. Virusi huchagua shina hapa, shina pale.

Vidonda vyeusi vilivyobonyea kwenye maganda, wakati mwingine na katikati ya rangi ya waridi, ni chule, ugonjwa wa baridi na mvua, mwenyeji wa milimani. Punje ya ndani inakuwa na doa la kahawia lililozama. Ukiona doa hilo, iweke pembeni, lakini ujue na punje isiyo na doa kutoka ganda hilo hilo si salama. Chagua maganda yasiyo na kidonda kabisa, usipite shambani majani yakiwa na umande, na kipande hicho kisione maharage misimu kadhaa. Shamba likiwa limeshambuliwa zaidi ya nusu, usigawe kitu. Kula, na tafuta mbegu safi upya.

Dalili: yalikuwa mafupi, sasa yanatambaa

Kama ni machache, ni wageni. Kama ni yote, tazama juu: yamepandwa chini ya mahindi au migomba na yanatafuta mwanga. Panda kumi penye jua kabla hujahukumu.

Dalili: yanachanua vizuri, hayashiki maganda

Simu hizi zinatoka Pongwe, Muheza na Tanga mjini. Mtu amepanda maharage ya Lushoto nyuma ya nyumba, yamestawi, yamechanua, kisha maua yote chini. Mbegu haina kosa hata kidogo. Haragwe la kawaida halipendi mchana unaozidi nyuzi 30 na usiku usiopoa chini ya 20. Ua linaungua kabla halijashika mimba. Pwani panda kunde, choroko, fiwi. Mimi mwenyewe nilibishana na jambo hili misimu miwili.

Dalili: uliyempa anasema siyo yale

Nusu ya ugomvi huu ni majina. Haragwe moja lina jina hili Soni, jingine Bumbuli, na sokoni Tanga muuzaji analipa jina la gari lililolileta. Kwa hiyo kwenye bahasha siandiki jina peke yake. Naandika: mekundu mviringo, mafupi, ua la waridi, yalilimwa Soni, mwaka na msimu, nilipewa na nani, zimeota ngapi kati ya hamsini. Na kama nimeweka dawa ya dukani, nasema kwa wino mwekundu, zisije zikaishia kwenye sufuria ya mtu. Bahasha ya karatasi, siyo nailoni, maana safari ya basi juani ndani ya nailoni ni kuipika mbegu.

Natoa punje hamsini au mia. Mwenye nia atazizidisha, asiye na nia hajanipotezea sado. Haya ni ya kupeana. Ukitaka kuuza kwa jina la mbegu, hiyo ni biashara yenye sheria yake, Sheria ya Mbegu ya 2003, na msimamizi ni TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, iliyoko Morogoro. Kuna ngazi ya wakulima wadogo inayoitwa mbegu za daraja la kuazimiwa, ambapo shamba lako linakaguliwa. Afisa ugani wa kata atakuelekeza.

Mwaka juzi nilipata dalili ambayo sikuwa nimeiandika popote: dumu tupu. Nilisafiri, mafundi wa bomba wakaingia stoo, maji yakaingia kwenye dumu la mbegu na kukaa siku nne. Niliporudi maharage yalikuwa yameshaota humo humo na kuoza. Nikampigia mama mdogo, safari hii shikamoo nikaimaliza.

Kesho yake kondakta alinikabidhi kifurushi stendi ya Kange. Bahasha ya karatasi, imefungwa kwa kipande cha kanga, na mwandiko wake mkubwa wa penseli: "Mekundu ya mwanangu wa Tanga. Ua waridi. 47 kati ya 50. Gunia nililigeuza."